Orodha na Mbinu: Historia ya Usomaji wa Kihakiki Katika Somo la Kiingereza Katika Shule za Upili za Kenya

Utangulizi

Historia ya somo la Kiingereza katika shule za upili za Kenya aghalabu husimuliwa kama historia ya vitabu. Husemwa kwamba palikuwa na enzi ya Shakespeare, kisha ukaja waraka wa mwaka 1968 uliotaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe, kisha Achebe, Ngũgĩ na Okot p'Bitek wakaingia darasani na fasihi simulizi ikapata mahali pake. Tangu kufariki kwa Ngũgĩ wa Thiong'o mnamo tarehe 28 Mei 2025, masimulizi haya yamerudiwa katika tanzia nyingi, na kwa haki. Hata hivyo, masimulizi ya namna hii hujibu swali moja tu, yaani mwanafunzi alisomeshwa nini. Swali la pili, ambalo lina uzito zaidi kwa mhakiki, huachwa bila jibu: mwanafunzi alifundishwa kukisoma kitabu hicho vipi, na ni nani aliyekuwa na ruhusa ya kutoa hukumu juu yake?

Makala haya yanalichunguza swali hilo la pili. Hoja inayoendelezwa ni kwamba waraka wa 1968 ulikuwa na nusu mbili. Nusu ya kwanza ilihusu orodha ya vitabu na mahali pa Afrika katika orodha hiyo. Nusu ya pili ilihusu mbinu, yaani hali ya akili ambayo masomo ya fasihi yalitarajiwa kumjengea mwanafunzi. Nusu ya kwanza ilitekelezwa kwa kiasi kikubwa. Nusu ya pili ilipotea njiani kati ya chuo kikuu na chumba cha mtihani. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa Kenya alibadilishiwa vitabu bila ya kubadilishiwa nafasi yake mbele ya vitabu hivyo.

Usomaji wa kihakiki hapa unachukuliwa kuwa stadi moja yenye nyuso tatu: kusoma matini kwa makini hadi msomaji aweze kuipinga au kuiunga mkono kwa ushahidi, kuuandika msimamo huo kwa mpangilio unaoweza kufuatwa na mtu mwingine, na kuusema hadharani mbele ya watu wanaoweza kuujibu. Nyuso hizi tatu hutegemeana. Palipo na mbili bila ya tatu, stadi yenyewe huwa na upungufu, na ni upungufu wa namna hiyo ambao historia ya somo hili inaudhihirisha.

Kiingereza cha Cheti cha Cambridge

Shule ya Alliance, iliyoanzishwa mwaka 1926 huko Kikuyu, ni mfano unaofaa kwa sababu maisha yake yameandikwa na watu waliopitia humo. Chini ya Edward Carey Francis, aliyekuwa mwalimu mkuu kuanzia 1940 hadi 1962, kuigiza tamthilia ya Shakespeare kila mwaka kulikuwa desturi. Ngũgĩ, aliyesoma pale kati ya 1955 na 1958, anaieleza desturi hiyo katika kumbukumbu zake, In the House of the Interpreter (2012). Ni miaka ya Hali ya Hatari, ambapo nje ya ua wa shule vijiji vilikuwa vimezungushiwa mahandaki na jamaa za wanafunzi wamefungwa kizuizini. Ndani ya ua huo huo vijana walivaa majoho ya wafalme wa Uingereza na kutamka mistari yao kwa ufasaha mkubwa.

Ni kosa kuidharau desturi hiyo. Kijana aliyehifadhi sehemu nzima ya tamthilia na kuitamka jukwaani alipata mazoezi ya sauti, ya pumzi na ya kumbukumbu ambayo darasa la kawaida halikuweza kuyatoa. Lakini mazoezi hayo yalikuwa ya kusema maneno ya mwingine. Maneno yake mwenyewe yalikuwa chini ya ulinzi. Katika Decolonising the Mind (1986), Ngũgĩ anasimulia jinsi wanafunzi waliokamatwa wakisema Kikuyu shuleni walivyochapwa au kuvishwa kibao shingoni chenye maneno ya kuwadhalilisha. Anasimulia pia habari za mwanafunzi mwenzake aliyefaulu vizuri mno katika masomo mengine yote lakini akaanguka Kiingereza, na kwa hiyo akahesabiwa kuwa ameuanguka mtihani mzima. Mwishowe akawa utingo wa basi. Kiingereza hakikuwa somo miongoni mwa masomo. Kilikuwa mlango wa kuingilia katika masomo yote, na anayesimama mlangoni akisubiri kufunguliwa hathubutu kubishana na bawabu.

Mtihani wa mwisho ulitungwa na kusahihishwa Uingereza chini ya Cheti cha Shule cha Cambridge. Katika fasihi, aina moja ya swali iliyojulikana sana ni swali la dondoo. Mtahiniwa alipewa mistari kadhaa ya kitabu teule akatakiwa aeleze ni nani anayesema, anamwambia nani na katika hali gani, kisha afafanue maneno yaliyopigiwa mstari. Swali hili lina faida yake kwa kuwa humlazimu mwanafunzi kukisoma kitabu. Hata hivyo, linapima kumbukumbu ya muktadha kuliko linavyopima hukumu. Inafaa kulikumbuka umbo la swali hili, kwani litaonekana tena baadaye.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba chuo kikuu cha Cambridge chenyewe kilikuwa chimbuko la mbinu iliyokuwa kinyume kabisa na hali hiyo. Katika Practical Criticism (1929), I. A. Richards alieleza jaribio lake la kuwapa wanafunzi mashairi yaliyoondolewa majina ya watunzi na tarehe, akawataka waandike maoni yao bila ya kuegemea sifa ya mtunzi. Jaribio hilo lilifichua udhaifu mwingi wa wasomaji, lakini msingi wake ulikuwa imani kwamba mwanafunzi anaweza kukabiliana na matini peke yake. Katika shule za makoloni mwelekeo ulikuwa mwingine. Kilichosafirishwa ni hukumu zilizokwisha kutolewa: kwamba mtunzi fulani ni mkuu, na kwamba kazi ya mwanafunzi ni kuonyesha kwa mifano jinsi alivyo mkuu.

Waraka wa 1968 na nusu zake mbili

Mnamo tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliwasilisha waraka wao katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Walikuwa wakijibu mapendekezo ya kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza, James Stewart, aliyetaka idara ipanuliwe kwa kuongezewa maeneo mapya huku ikibaki na kiini chake kile kile. Waandishi hao watatu walikikataa kiini chenyewe. Walihoji kwa nini fasihi ya nchi moja ya Ulaya iwe kitovu na fasihi ya Afrika iwe pembezoni katika nchi ya Kiafrika, wakapendekeza idara mpya itakayoiweka Afrika katikati. Waraka huo ulichapishwa baadaye katika Homecoming (1972), na ndio unaotajwa kila panapozungumzwa mageuzi ya fasihi katika Afrika Mashariki.

Kinachosahaulika mara kwa mara ni sababu ambazo waandishi walizitoa walipodai kwamba fasihi simulizi ifundishwe. Hawakuitetea kwa hoja ya urithi peke yake. Walidai kwamba mwanafunzi anayeizoea fasihi simulizi atapata wepesi wa kubuni papo hapo na uhuru wa mawasiliano ambao ni sehemu ya utambaji. Kwamba atakuwa tayari kujaribu maumbo mapya. Na kwamba atayatazama mazingira yake kwa hisi zilizo wazi. Hayo ni madai kuhusu tabia ya akili. Simulizi inapotambwa, hadhira huwa na haki ya kuingilia, kumsahihisha mtambaji, kumcheka na kumtaka ageuze mwisho. Waandishi wa waraka waliiona fasihi simulizi kuwa shule ya uhuru wa namna hiyo, na walitaka uhuru huo uingie katika usomaji wa fasihi yote, ikiwemo fasihi andishi ya Kiingereza.

Kwa hiyo, mtu anayesema kwamba waraka wa 1968 ulishinda kwa sababu Things Fall Apart iliingia katika orodha ya vitabu teule anaupima kwa nusu ya kipimo chake wenyewe.

Kutoka chuoni hadi shuleni

Mwezi Septemba 1974, mkutano kuhusu ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika katika shule za Kenya ulifanyika katika Shule ya Nairobi. Ulihudhuriwa na walimu wa shule za upili waliokaribia 200, pamoja na wahadhiri na wawakilishi wa vyombo vya elimu. Mkutano huo ulitaka fasihi ya Kiafrika, simulizi na andishi, iwe kiini cha silabasi, kisha mwanafunzi apanuliwe hatua kwa hatua hadi kuzifikia fasihi za mabara mengine. Mijadala yake ilikusanywa na kuhaririwa na Eddah Gachukia na S. Kichamu Akivaga katika kitabu kilichotoka mwaka 1978.

Miaka kumi iliyofuata ilizaa vitabu vya darasani vilivyokuwa na ari kubwa. Jane Nandwa na Austin Bukenya walitoa African Oral Literature for Schools mwaka 1983. Asenath Bole Odaga alitoa Yesterday's Today mwaka 1984, na Kavetsa Adagala na Wanjiku Mukabi Kabira wakatoa mkusanyiko wao wa masimulizi ya Kenya mwaka 1985. Wataalamu wa kizazi hicho walisisitiza kwamba simulizi haieleweki bila ya mtambaji, hadhira na mahali pa utambaji, na kwamba utafiti wa nyanjani ni sehemu ya somo. Mwanafunzi angepaswa kwenda kwa wazee, asikilize, aulize, arekodi na kuandika. Kazi ya namna hiyo inakusanya nyuso zote tatu za uhakiki. Anayeandika masimulizi aliyoyasikia hulazimika kuamua ni nini kipotee na ni nini kibaki, na uamuzi huo wenyewe ni uhakiki.

Lakini kitabu cha darasani hutumika katika mazingira ya mtihani. Kipengele kilichokuwa rahisi zaidi kupimwa katika fasihi simulizi ni uainishaji: tanzu, vipera, sifa za kila kipera na dhima yake. Kidogo kidogo mwanafunzi akajua kuorodhesha sifa tano za kitendawili pasipo kuwahi kutega kimoja darasani. Masimulizi yaliyokusanywa ili kumpa mwanafunzi uhuru wa kusema yakawa matini nyingine ya kujibia maswali ya ufahamu. Halikuwa kosa la waandishi wa vitabu hivyo, na wala halikuwa kosa la mwalimu mmoja mmoja aliyekuwa na darasa kubwa na muda mchache.

Muungano wa lugha na fasihi

Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwezi Januari 1985. Katika shule za upili ulileta mabadiliko mawili yaliyogusa uhakiki moja kwa moja. La kwanza ni kuunganishwa kwa lugha ya Kiingereza na fasihi katika somo moja. La pili ni kuondolewa kwa vidato vya tano na sita. Mtihani wa kwanza wa Cheti cha Elimu ya Sekondari cha Kenya (KCSE) ulifanywa mwaka 1989, na mwaka huo huo ukawa wa mwisho kwa mtihani wa kidato cha sita.

Muungano wa lugha na fasihi una hoja nzuri upande wake. Lugha inayofundishwa kwa sentensi zilizotungwa kwa ajili ya sarufi tu huwa lugha isiyo na msemaji. Mwanafunzi anayekutana na usemi wa taarifa katika mazungumzo ya wahusika wa riwaya huona sababu ya kanuni ile kuwepo. Wapinzani wa muungano nao walikuwa na hoja isiyoweza kupuuzwa. Fasihi iliyotiwa ndani ya lugha, walisema, itageuka kuwa ghala la mifano ya sarufi na msamiati, na maswali makubwa ambayo riwaya huyauliza kuhusu jamii hayatapata kipindi. Historia imezithibitisha hoja zote mbili kwa viwango tofauti, kutegemea mwalimu alikuwa nani na shule ilikuwa na nini.

Athari ya kuondolewa kwa kidato cha tano na cha sita haijazungumzwa vya kutosha. Katika mfumo wa zamani, wanafunzi wachache waliochagua fasihi walipata miaka miwili ya kusoma vitabu kwa kina katika madarasa madogo. Hapo ndipo mwalimu alipoweza kuketi na wanafunzi na kubishana nao kuhusu ukurasa mmoja kwa kipindi kizima. Ni kweli kwamba nafasi hiyo ilikuwa ya wachache, na mfumo uliowabagua walio wengi haustahili kuliliwa. Lakini nafasi ilipoondolewa haikuhamishiwa kidato cha tatu na cha nne. Mzigo ulihamishiwa chuo kikuu, ambako wanafunzi wa kwanza wa 8-4-4 walifika mwaka 1990, na wahadhiri wakalazimika kuanza na stadi ambazo zamani wanafunzi walikuja nazo.

Mtihani kama nadharia ya uhakiki

Silabasi iliyorekebishwa mwaka 2002 ilianza kutumiwa katika kidato cha kwanza mwaka 2003 na kutahiniwa mara ya kwanza mwaka 2006. Ilitilia mkazo stadi nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Somo la Kiingereza likawa na karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Karatasi ya kwanza ilipewa alama 60: uandishi wa kiuamilifu 20, kujaza mapengo 10, na stadi za mazungumzo 30. Ya pili, yenye alama 80, ilihusu ufahamu, dondoo la kitabu teule, ushairi au fasihi simulizi, na sarufi. Ya tatu ilikuwa na insha tatu zenye alama 20 kila moja: moja ya kubuni na mbili juu ya vitabu teule.

Inafaa kuzitazama karatasi hizi kama mhakiki anavyoitazama matini, kwani kila mtihani una nadharia yake ya usomaji hata kama haijatamkwa.

Kwanza, nusu ya karatasi ya kwanza ni stadi za mazungumzo, nazo hupimwa kwa kalamu. Mtahiniwa huandika ni neno gani linalotamkwa sawa na jingine, ni silabi gani inayobeba mkazo, shairi lingeghanwa kwa sauti ya namna gani, na mtu anayejiandaa kwa mdahalo angefanya nini. Huweza kupata alama zote 30 bila ya kufungua kinywa. Mwanafunzi mwenye sauti nzuri na hoja kali lakini asiyejua kueleza kwa maandishi jinsi hoja inavyosemwa huweza kuzikosa. Stadi iliyoingizwa katika mfumo kwa jina la fasihi simulizi na uhuru wake imefika kwenye karatasi ikiwa kimya.

Ugumu wa kuipima kwa namna nyingine ni wa kweli. Watahiniwa waliosajiliwa kwa KCSE walipita 900,000 mwaka 2023, na kumsikiliza kila mmoja wao kwa dakika kumi kungehitaji jeshi la watahini. Hata hivyo, katika mtihani huo huo wa KCSE, watahiniwa wa Kifaransa na Kijerumani husikilizwa katika karatasi maalumu ya mazungumzo. Idadi yao ni ndogo, kwa hiyo inawezekana. Matokeo yake ni hali ya ajabu ambapo sauti ya mwanafunzi wa Kenya husikilizwa na taifa anapozungumza lugha ambayo huenda asiitumie tena, na haisikilizwi anapozungumza lugha mbili rasmi za nchi yake.

Pili, swali la dondoo la enzi ya Cambridge limeishi. Kitabu ni kipya na mwandishi huenda akawa Mkenya, lakini mtahiniwa bado huulizwa ni nini kilichotokea kabla ya dondoo hili, ni nini kitakachofuata, na taja tabia mbili za mhusika.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, ni umbo la swali la insha. Aghalabu swali hutoa kauli kuhusu kitabu, kwa mfano kwamba tamaa ya viongozi huangamiza jamii, kisha humtaka mtahiniwa athibitishe ukweli wa kauli hiyo kwa kurejelea matukio. Hukumu imekwisha kutolewa na mtungaji wa swali. Kazi ya mwanafunzi ni kuitafutia mashahidi. Anayeona kwamba kitabu kinasema jambo jingine, au kwamba mwandishi mwenyewe anajipinga katika sura za mwisho, hana mahali pa kuliandika wazo lake. Mwongozo wa usahihishaji, ambao kwa kawaida hugawa alama kati ya utangulizi, hoja nne zilizothibitishwa, hitimisho na lugha, humlinda mtahiniwa dhidi ya upendeleo wa msahihishaji, na ulinzi huo ni muhimu katika mtihani wa taifa. Lakini pia hufundisha kwamba kila kitabu kina hoja nne. Ndiyo sababu biashara ya miongozo imestawi. Mwongozo huuza kile ambacho mtihani hutaka, nao mtihani hautaki kauli ya msomaji.

Kwa njia hii uhusiano wa mwanafunzi na matini umebaki kama ulivyokuwa chini ya Cheti cha Cambridge. Alitakiwa wakati ule athibitishe ukuu wa mtunzi. Hutakiwa sasa athibitishe ukweli wa kauli.

Jukwaa nje ya darasa

Mtetezi wa mfumo anaweza kusema kwamba sauti ya mwanafunzi ina mahali pengine, yaani katika tamasha za maigizo za shule na vyuo zilizoanza mwaka 1959. Tamasha hizo zilianza chini ya uongozi wa wageni na kwa tamthilia za Kiingereza. Baada ya uhuru, hasa katika miaka ya 1970 ambapo Wasambo Were alikuwa mkaguzi wa maigizo, zilipanuka zikatoka Nairobi kwenda mikoani, na kazi zilizotungwa na Wakenya wenyewe zikatawala. Hakuna shaka kwamba waigizaji na waandishi wengi wa Kenya walilelewa huko.

Jibu hilo lina ukweli, lakini pia linafichua tatizo. Katika tamasha mwanafunzi aghalabu husema maneno yaliyotungwa na mtu mzima, kama kijana wa Alliance alivyosema ya Shakespeare. Na pale maneno hayo yanapogusa madaraka, ruhusa huondolewa. Mwaka 2013 igizo Shackles of Doom la Shule ya Wasichana ya Butere lilipigwa marufuku hadi Mahakama Kuu ilipoliruhusu lirudi katika tamasha. Mwezi Aprili 2025 shule hiyo hiyo ilizuiwa kuigiza Echoes of War, na mahakama ikaingilia tena. Wasichana walipofikishwa jukwaani huko Nakuru bila ya mwelekezi wao, waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila ya kuigiza, na polisi wakawatawanya watu kwa mabomu ya machozi. Maigizo yote mawili yaliandikwa na Cleophas Malala, mtu mzima na mwanasiasa, na mtu anaweza kujadili kwa haki iwapo yalikuwa sauti ya wanafunzi. Lakini uamuzi wa kutoigiza, uliotekelezwa mbele ya hadhira, ulikuwa wao. Waliyasoma mazingira yao, wakatoa hukumu, wakaidhihirisha. Stadi waliyoionyesha siku hiyo haina alama katika karatasi yoyote kati ya zile tatu.

Funzo kutoka Kiswahili

Somo la Kiswahili, lililofanywa la lazima na la kutahiniwa katika mfumo wa 8-4-4, haliwezi kujitapa mbele ya Kiingereza. Limeyarithi maswali yale yale ya dondoo na muktadha, na fasihi simulizi yake hupimwa kwa kalamu vilevile. Lakini fasihi ya Kiswahili ina mila moja ambayo ingeweza kuwafaa walimu wa masomo yote mawili, nayo ni mila ya kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na washairi wa Lamu katika karne ya 19, wakati miji hiyo ilipokuwa ikivutana kisiasa. Katika karne ya 20, washairi waliendelea kujibizana magazetini, na miaka ya 1970 mgogoro wa umbo la shairi, uliochochewa na kuchapishwa kwa Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, uliwagawa wahakiki hadharani.

Anayelijibu shairi hana budi kulisoma kwanza kwa makini. Ni lazima alitambue fumbo kabla ya kulifumbua, achukue bahari na vina vya mwenzake, kisha ayageuze maneno yale yale yashuhudie upande wake. Kusoma, kutunga na kusema mbele ya watu hukutana katika tendo moja. Ndiyo hali ya akili ambayo waandishi wa 1968 waliitafuta katika fasihi simulizi, na haikuhitaji kuvumbuliwa upya.

Hitimisho

Mtaala wa umilisi, uliotandazwa nchini kuanzia mwaka 2019, unaitaja fikra ya kina na mawasiliano kuwa miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Kundi lake la kwanza liliingia Gredi ya 10 mwezi Januari 2026. Historia iliyochunguzwa hapa inaonya kwamba kutaja stadi katika mtaala hakutoshi. Mkutano wa 1974 ulizitaja. Silabasi ya 2002 ilizitaja na hata kuzipa alama. Kila mara swali lililoamua ni jinsi stadi hizo zitakavyopimwa, na kila mara jibu lilitolewa mwishoni, na watu wengine, baada ya mijadala ya vitabu kwisha.

Mfumo mpya una jambo moja ambalo karatasi tatu za Kiingereza za KCSE hazikuwa nalo, nalo ni upimaji unaofanywa shuleni na kuchangia katika tathmini ya mwanafunzi. Upimaji huo unaweza kumpa mwalimu nafasi ya kumsikiliza mwanafunzi akitetea usomaji wake wa kitabu mbele ya wenzake na kujibu maswali yao. Unaweza pia kugeuka kuwa karatasi nyingine ya kujaza, hasa mahali ambapo darasa ni kubwa na mwalimu ni mmoja. Sambamba na hilo, swali la insha katika mtihani wa taifa linaweza kurekebishwa bila ya gharama yoyote: badala ya kumtaka mtahiniwa athibitishe kauli, limuulize iwapo anakubaliana nayo, na mwongozo wa usahihishaji umpe alama sawa anayekubali na anayekataa, maadamu kila mmoja ametoa ushahidi wa kitabu.

Mjadala kuhusu vitabu teule utaendelea, na unastahili kuendelea. Lakini nusu ya pili ya waraka wa 1968 imesubiri kwa zaidi ya nusu karne. Utekelezaji wake uko mikononi mwa watungaji wa maswali kuliko wateuzi wa vitabu, na ni kwao ambako idara za fasihi, za Kiingereza na za Kiswahili, zinapaswa sasa kuuelekeza uhakiki wao.